Mikunjo Chini ya Pua

Rubani alikuwa amepiga goti juu ya lami, mkono wake wa kulia ukipapasa chini ya tumbo la ndege, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, vidole viliposimama vyenyewe. Akavirudisha nyuma, akavipitisha tena. Bati lililopaswa kuwa laini kama sahani lilikuwa na matuta. Akalala chali, bila kujali shati jeupe alilopigiwa pasi na mama mkwe wake alfajiri ile, akatazama juu. Mikunjo myembamba ilikuwa imepita mshazari kwenye bati, kama ya nguo iliyokaliwa, na kandokando yake vichwa vya ribiti, misumari inayoshikilia bati, vilikuwa vimeinama, rangi imebanduka kuvizunguka.

“Kapteni,” akaita akiwa bado chini. “Kapteni, njoo uone hapa.”

Kapteni, mwalimu wake wa urubani, alikuwa ameegemea bawa, kikombe cha chai mkononi. Hakuinama. “Nini tena, dada? Siku ya mtihani ndiyo unaanza kuchunguza kama polisi?”

“Bati limejikunja. Na ribiti zimelegea.”

“Ni rangi hiyo. Ndege yenyewe ya zamani.”

“Si rangi. Jana asubuhi haikuwa hivi, nilipita hapa hapa kwa mkono huu huu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha: ukiona mikunjo mahali hapa, ndege imetua kwa pua.”

Kapteni akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. “Nilifundisha pia kwamba mtu mzima hakosi makunyanzi.”

“Nani aliruka nayo jana jioni?”

“Hakuna aliyeruka.” Alijibu upesi mno, kisha akaenda kumwaga masalio ya chai kwenye nyasi.

Mwanamke akabaki chini. Leseni hakuwa nayo bado, lakini mtaani walimwita Rubani tangu alipoandikishwa chuoni, na jina likamganda. Alijua kilichokuwa nyuma ya bati lile. Ulikuwepo ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya mrushaji, na kwenye ukuta huo ndiko injini ilikoshikiliwa kwa mabomba. Ukuta ukipinda, mabomba huvutwa nao. Yakivutwa huweza kupasuka, na yakipasuka huko juu hakuna pa kuegesha pembeni ukasubiri fundi.

Mkurugenzi wa chuo akatokea upande wa ofisini, funguo zikilia mfukoni. Chuo chake kilikuwa na ndege mbili, lakini moja ilisimama nyuma ya banda bila injini, nyasi zikiwa zimeifika kwenye mabawa. Hii ndiyo iliyokuwa ikiingiza riziki.

“Kuna nini? Mtahini anamaliza chai, na ninyi mmekaa hapa kama mnatafuta sindano.”

“Mzee, ndege imeumia,” Rubani akasema, akijikung'uta vumbi. “Naomba fundi aitazame.”

“Fundi nimempa ruhusa, ana msiba.” Mkurugenzi akainama nusu, akanyanyuka. “Binti, hayo ni makunyanzi. Hata mimi ninayo. Unataka leseni au hutaki?”

“Nataka.”

“Basi panda.”

“Siwezi kupanda mzee, mpaka ifunguliwe mbele.”

Mkurugenzi akamtazama kama mtu anayetazama mlango uliokataa kufunguka. Halafu sura yake ikabadilika ghafla, ikawa tabasamu tupu, kwa sababu mtahini alikuwa anakuja, mwanamume wa makamo mwenye koti lililobana, aliyekuwa anapita vyuo vya mbali na kurudi pale kwa nadra.

“Mwanafunzi wetu ameingiwa na baridi kidogo,” Mkurugenzi akamwambia. “Mtihani huwapandisha presha. Aliyepita alitapika.”

“Mheshimiwa, si presha,” Rubani akasema. “Naona ndege haiko sawa.”

“Haiko sawa vipi?”

Alitaka kumwambia ainame atazame. Lakini Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu naye mno, pumzi yake ikimgusa shingoni, na ada yake yote, iliyolipwa kwa kuuza kiwanja cha familia, ilikuwa mikononi mwa mtu yule. “Chini ya pua,” akasema kwa sauti ndogo. “Kuna… kama mikunjo.”

“Kama mikunjo!” Mkurugenzi akacheka.

Mtahini akatazama saa. “Mwanafunzi asiyejisikia tayari asiruke. Hakuna ubaya. Nitakapopita tena, tutaonana.” Akarudi ofisini kuchukua mkoba wake.

Ndege haikukaa bure. Mwanafunzi mwenzake, kijana waliyemwita Miwani kwa sababu hakuivua miwani yake ya jua hata darasani, alikuwa na zamu baada yake. Rubani akamfuata mpaka mlangoni mwa ndege. “Usipande hii. Imegonga pua, nimeona kwa macho yangu.” Miwani akamtazama Kapteni. Kapteni akatazama mbele. “Tunachelewa,” akasema. Wakaruka, wakazunguka mji, wakarudi. Ndege ikagusa lami taratibu kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

Miwani akashuka anacheka. “Dada, mbona inaruka kama kawaida?”

Wanafunzi waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha banda nao wakacheka. Kapteni peke yake hakucheka. Alibaki kwenye kiti cha mbele muda mrefu, mikono juu ya mapaja.

*

Nyumbani viti vya majirani vilikuwa vimeshapangwa. Mama mkwe aliviazima tangu jana yake, na asubuhi akapika chakula cha watu wengi, huku akimwambia kila aliyepita uchochoroni kwamba leo mkwe wake anarudi na leseni. Mumewe, Kinyozi, alikuwa amefunga duka lake la kunyolea kabla ya mchana, jambo asilolifanya hata akiwa na homa. Binti yao wa darasa la pili alikaa kizingitini, akamwona wa kwanza.

“Mama amekuja! Mama ana matope mgongoni!”

Kinyozi akasimama, uso umemjaa tabasamu. “Eeh? Tupigie vigelegele?”

“Sikuruka,” Rubani akasema.

Mama mkwe alikuwa mwepesi kuliko wote. “Umeahirishwa!” akawatangazia wageni, kijiko kikubwa mkononi. “Mtihani umeahirishwa. Ni mvua hiyo, huko kwao uwanjani.”

Wageni wakatazama dirishani. Jua lilikuwa linapasua mawe. Mwanamke wa nyumba ya pili akasema, “Ni kweli, mvua siku hizi hazieleweki,” na wote wakashukuru kwa moyo huo, wakala haraka haraka, wakaondoka kila mmoja na kiti chake.

Walipobaki wenyewe, Kinyozi akafunga mlango wa chumba. “Niambie sasa.”

Akamwambia. Mikunjo, ribiti, Kapteni na chai yake, mtahini na saa yake. Alisimulia kwa mikono, akikunja shuka la kitanda kumwonyesha bati lilivyokuwa.

“Baadaye ndege wakaifanya nini?”

“Wakaruka nayo. Miwani na Kapteni.”

“Ikawaje?”

“Ikarudi.”

“Salama?”

“Salama.”

Kinyozi akakaa ukingoni mwa kitanda. “Sasa?”

Neno lile moja lilimchoma kuliko kicheko cha banda zima. “Sasa nini? Ulitaka ianguke ndiyo uniamini?”

“Sijasema hivyo. Nakuuliza tu kama mtu asiyejua. Wote wanaojua wamesema ni nzima. Mwalimu, mwenye chuo, mtahini. Imeruka, imetua. Wewe peke yako ndiye…” Akaishia hapo.

“Malizia.”

“Tuliuza kiwanja, mke wangu.”

“Najua tuliuza. Kilikuwa cha kwetu sote. Unadhani nimekisahau?”

“Basi ungeruka mara moja tu! Mzunguko mmoja, ukashuka na karatasi yako, ndege ukaikagua baadaye mpaka utakapochoka.”

Alimtazama mumewe, mtu aliyekuwa akimfungia mkanda wa viatu akiwa mjamzito, akaona kwamba hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa anasema kama anavyosema mtu yeyote ambaye hajawahi kulala chini ya tumbo la ndege. Hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba hakukuwa hata na mtu wa kumkasirikia sawasawa.

Asubuhi iliyofuata akapiga simu kwenye mamlaka ya usafiri wa anga. Simu ikaita, ikahamishwa, ikapigiwa muziki, ikakatika. Alipompata mtu, akaambiwa malalamiko ya wanafunzi huandikwa kwa barua na kupitishwa kwa mkuu wa chuo husika.

“Mkuu wa chuo ndiye ninayemlalamikia.”

“Utaratibu ndio huo, mama,” sauti ikasema, na kwa nyuma mtu akawa anauliza nani amechukua mkasi wake.

*

Dukani kwa Kinyozi hakuna habari iliyopitwa. Mteja wa kwanza alikaa kitini, akafungwa shuka shingoni, akasubiri mashine ianze kuunguruma ndipo aseme. “Nasikia shemeji yetu ameshuka bila kupanda.”

Wa kwenye benchi wakacheka. “Afadhali basi,” mwingine akadakia. “Basi ukiliogopa unashuka kituo kinachofuata.”

“Angekaa kule kule kwenye tiketi zake. Kule alikuwa anatuwekea siti za dirishani.”

Kinyozi akazima mashine. Akapuliza nywele kwenye meno ya mashine, akaiwasha tena. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemsifia mkewe mbele ya kioo kile: jinsi alivyosoma usiku akiwa karani wa tiketi za mabasi, jinsi alivyofaulu mitihani ya nadharia kwa mpigo. Sasa sifa zile zilikuwa zinamrudia moja moja, zimevaa kicheko.

Mchana akafunga duka, akavaa shati safi, akaenda chuoni bila kumwambia mtu.

Mkurugenzi alimweka kwenye benchi la nje mpaka jua likahama likamfikia miguuni, ndipo akamwita ndani. Walikuwa rika moja, lakini alimwita kijana. “Karibu, kijana. Mkeo ni binti mwenye akili. Tatizo ni moyo. Moyo wake mwepesi.”

“Nimekuja kuhusu hilo hilo, mzee.”

“Anatuharibia jina. Anawaambia wenzake ndege yangu ni jeneza. Mwingine ningeshamfukuza, na ada hairudi. Ipo kwenye masharti mliyotia sahihi.” Akasimama. “Lakini njoo. Wewe ni mwanamume mwenye kazi ya mikono. Njoo upapase mwenyewe.”

Wakaenda bandani. Mkurugenzi akamshika bega, akamwonyesha mahali. Kinyozi akapiga goti, akapitisha kiganja chini ya pua ya ndege, huku na huku, taratibu, kama anavyopapasa kichwa kilichonyolewa kutafuta unywele uliobaki. Palikuwa laini kabisa.

“Iko wapi mikunjo?”

“Sijaiona, mzee.”

“Haya.”

“Nakuomba radhi,” Kinyozi akasema akiwa bado amepiga goti. “Kwa niaba yake. Mpe nafasi nyingine.”

Mkurugenzi akampa. Mtahini angepita tena mwisho wa mwezi.

Alirudi nyumbani anatembea haraka, ana habari njema. Rubani alikuwa anafua uani, mama mkwe akichambua mboga pembeni. Akawaeleza wote wawili kwa pamoja, na kadiri alivyoeleza ndivyo mikono ya mkewe ilivyozidi kutulia ndani ya beseni.

“Umeenda kuniombea radhi.”

“Nimekuokolea nafasi yako.”

“Radhi kwa kosa gani?”

“Usinipigie kelele mbele ya mama. Nimepapasa kwa mkono wangu! Hakuna mkunjo, hakuna tuta, hakuna chochote. Laini kama shavu la mtoto.”

“Haiwezekani.”

“Mimi pia ni mwongo sasa? Kapteni mwongo, Mkurugenzi mwongo, mumeo mwongo. Wewe peke yako…”

“Hilo shati lina nini?” mama mkwe akauliza.

“Mama, tunazungumza.”

“Najua mnazungumza. Nauliza shati lina nini, maana si nyinyi mnaolitakatisha.”

Kinyozi akageuza mkono. Kwenye ncha ya mkono wa shati, uliokuwa umegusa ukingo wa pale alipopapasa, palikuwa na doa jeupe, pana kama jani, lililoanza kukauka pembeni. Rubani akainuka, povu likimchuruzika viwikoni, akamshika mkono, akaunusa. Halafu akausogeza puani mwa mumewe.

Harufu ilikuwa kali. Rangi. Rangi mbichi.

Beseni lilikuwa linatoa povu lake polepole.

“Kwa nini ndege nzima ipakwe rangi mahali pamoja tu?” Rubani akauliza. Hakupaza sauti tena.

Kinyozi akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. “Alinishika bega,” akasema. “Akaniita kijana. Akaniambia papasa, nikapapasa. Halafu nikaomba radhi.” Akalivua lile shati pale pale uani, akalitupa chini, akalitazama kama linaweza kumjibu. “Nikaomba radhi nimepiga goti.”

“Usilitupe,” mama mkwe akasema, akaliokota. “Jipya hili.” Akalikunja kwa ndani, doa lisiguse nguo nyingine. Siku zilizofuata hakumtangazia jirani yeyote habari za leseni.

*

Siku ya mtihani Kinyozi alifuatana na mkewe. Mkurugenzi alipomwona akafurahi, akampungia mkono kama mtu wa upande wake. Kapteni alikuwa amesimama mbali kidogo, amekonda usoni. Wanafunzi walikaa kwenye kivuli cha banda, Miwani miongoni mwao.

Mtahini akaja na mkoba wake. “Tuone ukaguzi wako, kisha turuke.”

Rubani akaanza mkiani, akaja mabawani, akaangalia mafuta, akatingisha kila kinachotingishika. Hakuharakisha. Alipofika puani akajilaza chini. Pale palipokuwa na mikunjo palikuwa na weupe mpya, mweupe kuliko ndege yote. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Bati la jirani lililia kama debe, pale pakajibu kwa sauti nzito ya kitu kilichojazwa.

Akatoka chini, akasimama wima. Safari hii alisema kabla Mkurugenzi hajasogea. “Mheshimiwa, kabla sijapanda, naomba na wewe uiname.”

“Amerudia,” Mkurugenzi akasema. “Nilikuambia huyu…”

“Mara ya kwanza sikusema vizuri, nasema sasa. Hapa palikuwa na mikunjo na ribiti zilizolegea. Sasa pamejazwa na kupakwa rangi. Sipandi mpaka kifuniko cha injini kifunguliwe. Ukininyima leseni, ninyime, lakini inama kwanza.”

Mtahini akavua koti, akampa Kinyozi aliyekuwa karibu, akapiga goti kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Akagonga. Akagonga tena pembeni. Alipoinuka alikuwa na chembe ya rangi kwenye ukucha. “Rangi hii ya lini?”

“Matunzo ya kawaida,” Mkurugenzi akasema.

“Imeandikwa na fundi gani?”

“Fundi ana msiba.”

“Bado?”

Mtahini akamgeukia Kapteni. “Wewe ndiye mwalimu. Ndege hii iligonga?”

Banda zima lilikuwa linamtazama. “Nilitua vibaya,” akasema hatimaye. “Jioni, kabla ya ile siku ya mtihani. Nilikuwa na wageni wa Mkurugenzi, walitaka kupiga picha mji kutoka juu. Upepo ukanisukuma, pua ikatangulia. Tuliruka-ruka kwenye lami kama mpira.”

“Nyamaza wewe,” Mkurugenzi akasema, lakini alikuwa amechelewa.

Fundi aliitwa kutoka banda la jirani. Akafungua skrubu za kifuniko, akakishusha chini, akaingiza kichwa na tochi. Wakamsikia akipiga mluzi mdogo. Alipotoka akawaachia nafasi watazame wenyewe: ukuta wa chuma ulikuwa umebonyea kama kopo lililokanyagwa, na bomba moja lililoshika injini lilikuwa na ufa ambao ukucha ulizama.

Miwani alikuja kutazama, akavua miwani yake. Akakaa chini pale pale. Hasira yake haikwenda kwa Kapteni wala kwa Mkurugenzi. Ilikwenda kwa mwanamke. “Ulijua! Ulijua ukaniacha nipande!”

“Nilikuambia.”

“Ungeniambia kwa nguvu!”

Rubani akakaa chini kando yake.

Mtahini akaandika, akapiga simu ambayo ilipokewa mara moja, akasema ndege isisogezwe hata kwa kusukumwa. Alipokuwa anachukua koti lake, Rubani akamfuata. “Na mtihani wangu?”

“Siwezi kukutahini bila ndege.”

“Umeona ukaguzi wangu.”

“Nimeuona. Ni mzuri. Lakini sitoi leseni ya kukagua.” Alisema kwa upole, na upole huo haukusaidia kitu. “Tafuta chuo kingine.”

“Na ada yetu iliyoko hapa?”

“Hilo si la mtahini, mama.”

*

Chuo kilifungwa kwa mnyororo. Mkurugenzi akatafuta wakili, akawa hapatikani kwenye simu. Wanafunzi waliokuwa wamelipa kama wao walimtoa Rubani kwenye kundi lao la simu, na mmoja akamwandikia kwamba kujifanya anajua kumewaponza watu wote. Mtaani walimpongeza, kisha wakaulizana kama ni kweli sasa hatarusha tena.

Jumapili moja alasiri Kapteni akabisha hodi. Mama mkwe, ambaye hakumfahamu, akamkaribisha kiti kizuri na kumletea chai. Rubani na Kinyozi wakakaa mbele yake. Alikuwa amesimamishwa kazi, na wachunguzi wa mamlaka walikuwa wanaita mashahidi mmoja mmoja.

“Dada, nimekuja kwa heshima,” akaanza. “Watakuita. Nakuomba useme kwamba mimi nilijaribu kuizuia ile ndege. Kwamba nilishinikizwa.”

“Ulishinikizwa?”

“Unamjua mzee. Nina watoto wanasoma.”

“Siku ile ulipopanda na Miwani, ulijua bati lina nini?”

Kapteni akazungusha kikombe. “Nilijua. Nilikuwa nasali tangu tunawasha injini mpaka tunazima. Yeye alikuwa anaimba.”

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya vitafunio. Akaingia, akaiweka sahani mezani upande wa mbali. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe mkononi mwa mgeni, kikiwa bado na chai nusu, akaondoka nacho jikoni. Wakasikia chai ikimwagwa.

Kapteni akabaki na mikono mitupu.

“Nikiitwa nitasema nilichokiona,” Rubani akamwambia. “Nitasema pia kwamba ulipoulizwa mbele ya watu ulikiri. Zaidi ya hapo sina.”

“Wataninyang'anya leseni.”

“Mimi sijapata hata ya kunyang'anywa.”

Akaondoka. Mume na mke wakabaki sebuleni, kiti cha mgeni katikati yao. Kinyozi alikuwa amejiandaa siku nyingi kumfariji. Alikuwa na maneno yake tayari, kwamba Mungu yupo, kwamba amewaokoa watu. Alipomtazama usoni, maneno yale yakamwishia.

“Ingekuwa nzima,” akasema badala yake, “leo ungekuwa rubani.”

“Ndiyo.”

“Inaniuma. Kiwanja kinaniuma. Dukani wananisifia siku hizi, nako kunaniuma.”

“Mimi inaniuma mpaka meno,” Rubani akasema, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu yaanze, akalia, si kwa huzuni bali kwa hasira tupu, akiupiga mto wa kochi kwa ngumi. Mumewe hakumzuia. Alisogea tu, akamshikia mto usianguke.

Kesho yake alivaa nguo zake za zamani, akaenda kituo cha mabasi, ofisi ya tiketi. Msimamizi wake wa siku zile alikuwa bado yupo, tumbo limeongezeka. Alimtazama juu chini kupitia kidirisha.

“Rubani! Umeturudia?”

“Kama nafasi ipo.”

“Ipo. Aliyekuwepo ameolewa mbali.” Akamfungulia mlango mdogo wa pembeni, akamsogezea kiti kwenye mashine ya tiketi. Nje abiria walikuwa wameshapanga foleni, wanasukumana na mizigo. “Lakini uniambie ukweli nisije nikahangaika. Unakaa au unapita?”

“Napita.”

“Mpaka lini?”

Rubani akaivuta mashine karibu, akamwita abiria wa kwanza kwa mkono. “Mpaka nipate ndege nzima,” akasema.